Sauti Inayoshika: Asili na Maana ya Neno "Teno"

Maneno ya muziki nayo husafiri. Huvuka bahari, hupanda milima, na mara nyingi hufika ugenini yakiwa yameisahau kazi yaliyokuwa yakiifanya kwao. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, yako maneno manne ya namna hiyo ambayo kila mwanakwaya huyajua, nayo ni soprano, alto, teno na besi. Mwalimu wa kwaya huyatamka, waimbaji hujigawa katika makundi manne, na mazoezi huanza. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza maneno hayo yana maana gani, au yalitungwa na nani na kwa haja ipi.

Makala haya yanakusudia kulichunguza moja kati ya hayo manne, yaani neno teno. Tumelichagua hilo kwa sababu historia yake yatufunza jambo ambalo wazee wa Mbulu na Hanang walikuwa wakilijua kabla neno lenyewe halijafika masikioni mwao.

Kwanza yafaa tuondoe kosa moja dogo. Msikiaji wa Kiswahili aweza kudhani kwamba teno lina udugu na neno letu "tena", hasa kwa kuwa nyimbo hupenda kurudiwarudiwa. Udugu huo haupo. Ni mfanano wa sauti tu. Mwanafunzi wa lugha yampasa ajihadhari na mifanano ya aina hii, maana asili ya neno haipatikani kwa sikio peke yake. Hupatikana kwa kulifuata neno katika njia lililopita, kituo baada ya kituo.

Njia ya teno yaanzia katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambayo baadaye ilikuwa lugha ya Kanisa na ya wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi. Katika lugha hiyo kitenzi "tenere" maana yake ni kushika. Kwa hiyo teno ni sauti inayoshika. Swali linalofuata ni hili: inashika nini?

Jibu limo katika makanisa ya Ulaya ya zama za kati. Wakati huo wimbo wa ibada ulikuwa wa mstari mmoja tu: watu wote waliimba sauti ile ile kwa pamoja, bila ala, nao waliuita wimbo wa Kigregori. Hata katika wimbo huo neno teno lilikuwa na mahali pake. Zaburi ilipoimbwa, maneno mengi yalitamkwa juu ya noti moja isiyopanda wala kushuka mpaka mwisho wa mstari ulipokaribia, na noti hiyo iliyoyabeba maneno ndiyo iliyoitwa teno. Kisha, katika karne ya 12 na ya 13, hususan katika Kanisa la Notre Dame mjini Paris, watunzi kama Léonin na Pérotin waliongeza sauti nyingine juu ya wimbo wa kale. Sauti mpya ilikimbia na kujipamba kwa noti nyingi. Wimbo wa kale, ambao ndio uliokuwa mtakatifu, uliachiwa sauti ya chini yake, nayo iliushika kwa noti ndefu sana, moja moja, ili ile ya juu ipate mahali pa kusimama. Sauti hiyo iliyoushika wimbo nayo ikaitwa teno. Jina hilo, basi, lilitaja kazi ya mwimbaji, wala halikutaja kimo cha sauti yake.

Majina ya sauti nyingine yalizaliwa kwa kuitazama teno. Watunzi walipoongeza sauti iliyokwenda sambamba nayo waliiita kontrateno, yaani inayokabiliana na teno. Katika karne ya 15 kontrateno ikagawanyika mara mbili: moja ilikaa juu ya teno na nyingine ikakaa chini yake. Ile ya juu iliitwa "altus", maana yake ya juu, na ile ya chini "bassus", maana yake ya chini. Kutokana na hayo tumepata alto na besi. Soprano latokana na neno la Kiitalia lenye maana ya juu ya yote.

Hapa ndipo linapofumbuka fumbo ambalo huwatatiza wanafunzi wengi. Katika kwaya zetu alto ni sauti nzito ya wanawake. Iweje basi jina lake liwe na maana ya juu? Sababu ni kwamba ilipewa jina kwa kupimwa na teno, tena katika kwaya za kanisa zilizokuwa za wanaume na wavulana peke yao. Ukiisimamisha alto kando ya soprano, iko chini. Ukiisimamisha kando ya teno, iko juu. Jina la sauti halieleweki mpaka mtu ajue inapimwa na nani.

Wakati wa Matengenezo ya Kanisa teno ilikuwa bado inaushika wimbo. Kitabu cha nyimbo za sauti nyingi kilichotungwa na Johann Walter, mshirika wa Martin Luther, na kuchapishwa mwaka 1524, kiliuweka wimbo mkuu katika teno. Lakini mwaka 1586 mchungaji mmoja wa Württemberg, Lucas Osiander, alitoa kitabu cha nyimbo 50 ambamo wimbo mkuu ulihamishiwa katika sauti ya juu kabisa. Nia yake ilikuwa njema na ya kidemokrasia: waumini wa kawaida, wasiosoma noti, waweze kuusikia wimbo na kuimba pamoja na kwaya. Desturi hiyo ilienea, na nyimbo nyingi za vitabu tulivyorithi zimepangwa hivyo hivyo. Tangu hapo teno ilibaki na jina la mshikaji, ilhali kilichoshikwa kimekwisha kwenda kwa mwingine. Karne zilizofuata ziliibadilisha zaidi. Katika michezo ya kuimbwa ya Italia teno ikawa sauti ya shujaa, na waimbaji kama Enrico Caruso, aliyeishi kati ya 1873 na 1921, walipata sifa duniani kote kwa noti zao za juu. Aliyekuwa akisimama chini ya wenzake ili wasianguke, akawa ndiye anayetazamwa na wote.

Neno likiwa katika hali hiyo, lilifika kwetu. Wamisionari wa Kikatoliki waliingia katika nchi ya Wairaqw mwanzoni mwa karne ya 20. Mbulu ikawa jimbo kamili la Kanisa Katoliki mwaka 1953. Walutheri nao walijenga makanisa na shule, na hospitali yao ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955. Makanisa haya yalileta kwaya, na kwaya zilileta vitabu. Nyingi zilijifunza kwa ile njia ya do, re, mi, ambayo asili yake ni silabi alizozitumia mtawa Guido wa Arezzo katika karne ya 11, kisha ikarahisishwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover na John Curwen, kwa ajili ya watu wasio na ala wala fedha za kununulia vitabu vikubwa. Njia hiyo iliwafaa sana Waafrika. Enoch Sontonga aliitumia huko Afrika Kusini alipoutunga, mwaka 1897, wimbo ambao Tanganyika iliuchukua mwaka 1961, kwa maneno ya Kiswahili, kuwa wimbo wake wa taifa. Kila mwanafunzi anayeimba "Mungu Ibariki Afrika" kwa sauti nne anaitumia kazi ya watu hao wote.

Lakini katika kufundisha, walimu wengi waliona majina ya kigeni ni mazito, wakayabadili kwa nambari: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Nambari hizo zimetokana na jinsi mistari inavyopangwa katika ukurasa, kutoka juu kwenda chini, wala hazina maana nyingine. Ni njia nyepesi, nasi hatuwalaumu walioianzisha. Hata hivyo nambari ina hatari yake. Kijana aambiwaye kwamba yeye ni sauti ya tatu huweza kuelewa kwamba mbele yake wako wawili walio bora kuliko yeye, kama ilivyo katika mtihani au katika mbio. Jina lililotaja kazi limekwisha kugeuka kuwa jina linaloonekana kutaja cheo.

Sasa na tujiulize: je, watu wa Mbulu na Hanang walikuwa hawajui kugawana sauti mpaka kwaya ilipofika? La hasha. Nchi hii, kuanzia Bonde la Yaeda mpaka miteremko ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ni mojawapo ya mahali pachache barani Afrika ambapo lugha za asili tofauti kabisa zimekaa jirani. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, husema lugha ya jamii ya Kinailoti. Wahadzabe wa Yaeda wana lugha yenye vidoko, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa imesimama peke yake. Wanyiramba na Waisanzu, majirani wa upande wa magharibi, husema lugha za Kibantu. Watu walioishi hivi kwa karne nyingi hawakukosa kujua jinsi sauti mbalimbali zinavyokaa pamoja.

Tuwatazame Wahadzabe. Katika ngoma yao takatifu iitwayo epeme, inayochezwa usiku usio na mbalamwezi, mwanamume hucheza peke yake gizani, amevaa njuga mguuni na manyoya kichwani, nao wanawake humwimbia. Sauti za wanawake hao haziendi zote katika mstari mmoja. Huachana na kukutana, hii ikipanda na hii ikibaki, mpaka msikilizaji ashindwe kusema wimbo wenyewe uko kwa nani. Hawakufundishwa na kitabu. Hata Wagogo, walio kusini zaidi, huimba kwa sauti nyingi zinazopatana, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo katika majukwaa ya dunia.

Tuwatazame Wabarabaig. Mzee wa heshima anapofariki, huweza kujengewa bung'eda, yaani kilima cha kaburi, na shughuli zake huchukua miezi mingi pamoja na nyimbo za kuwakumbuka waliotangulia. Aidha, wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao, ambalo laweza kumtoza faini mwanamume aliyewavunjia haki. Mwanamke mmoja akilalamika, hilo ni lalamiko la mtu mmoja. Wanawake wote wakikusanyika na kusema kwa pamoja, hiyo ni hukumu.

Hatimaye tuwatazame Wairaqw, maana kwao iko sanaa inayoligusa neno teno kwa karibu zaidi. Sanaa hiyo huitwa slufay. Herufi "sl" mwanzoni mwa neno hilo hutamkwa kwa kuupitisha upepo kandokando ya ulimi, na Mswahili anayejaribu mara ya kwanza hana budi kuwa na subira. Slufay ni sala na baraka, nayo pia ni ushairi. Husemwa na mzee mwenye kumbukumbu na ulimi mzuri, watu wakiwa wamekusanyika. Humo hutajwa Looa, ambaye ni Mungu na ambaye jina lake ndilo jina la jua. Huombwa mvua, mifugo, watoto na amani. Uovu hufukuzwa uende mbali. Na njia walizopita wahenga hukumbukwa, mpaka kufika Irqwa Da'aw, kitovu cha nchi ya Wairaqw katika milima ya Mbulu.

Lakini mzee hasemi peke yake. Kila mstari anaoutamka hupokewa na wote waliopo kwa itikio la pamoja. Mstari huenda, itikio hurudi, na mwendo huo ukikolea, msemaji na waitikiaji huwa kama watu wanaovuta kamba moja. Wala itikio si pambo. Baraka isiyoitikiwa haijawa baraka. Yabaki kuwa maneno ya mzee mmoja. Nguvu ya slufay imo katika kukubali kwa watu, na kukubali huko hakuandikwi wala hakupigiwi kura, bali husikika. Hata mzee awe hodari namna gani, hawezi kuisema slufay nyumbani kwake peke yake.

Huenda msomaji akapinga, akasema kwamba slufay ni maneno na teno ni wimbo, kwa hiyo tunalinganisha vitu visivyofanana. Pingamizi hilo lina haki ya kujibiwa. Kwanza, tumeona kwamba teno ya zaburi ilikuwa noti moja inayobeba maneno, jambo ambalo liko mpakani kati ya kusema na kuimba. Pili, Kiswahili chenyewe kinaujua mpaka huo, ndiyo maana kina neno kughani, ambalo si kusema tu wala si kuimba kabisa. Tatu, hatudai kwamba slufay na teno zina umbo moja. Teno ya Paris ilitangulia, na sauti nyingine zikajengwa juu yake; itikio la slufay hufuata baada ya mstari. Zinalofanana ni wajibu. Katika zote mbili yuko mtu anayesikika sana, na yuko mwingine anayeshika ili yule wa kwanza asianguke.

Kiswahili nacho kimelijua jambo hili tangu zamani. Tazama majina ya mstari unaorudiwa katika nyimbo na mashairi yetu. Twasema kiitikio, kutokana na kuitika. Twasema kipokeo, kutokana na kupokea. Twasema kibwagizo, kutokana na kubwaga, kama mtu abwagavyo mzigo aliokuwa ameubeba. Anayeongoza tumemwita manju, na mtunzi tumemwita malenga. Lakini sehemu ya wale wanaomfuata tumeipa majina yenye vitenzi: kuitika, kupokea, kubwaga. Wazee wetu wa pwani waliotunga maneno hayo hawakuwasikia watunzi wa Notre Dame, wala wazee wa Irqwa Da'aw. Hata hivyo wote waliiona sauti kwa kuitazama kazi yake. Kwa Kilatini ni kushika, kwa Kiswahili ni kupokea, na katika slufay ni kukubali.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba Waafrika wengi waliosoma walikuwa wamejifunza dansi za Ulaya huku hawazijui ngoma za kwao, akazitaja baadhi, kama gombe sugu, kiduo na lele mama. Hakusema kwamba mambo ya kigeni yatupwe. Alionya kwamba kujifunza utamaduni wa wengine hakumaanishi tuuache wa kwetu. Onyo hilo lahusu hata maneno. Tukilichukua neno teno bila maana yake, tunabaki na ganda. Tukiijua maana yake, tunagundua kwamba mgeni huyu ana ndugu hapa hapa, nao ni wazee wanaokaa chini ya mti na kuitikia.

Jambo hili si la kitaaluma peke yake. Vijana wa Mbulu na Hanang wako tayari kukesha wakijifunza sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya, nalo ni jema. Lakini slufay hufa kwa njia mbili. Hufa msemaji anapofariki bila mrithi, na kifo hicho kila mtu hukiona. Hufa pia waitikiaji wanapopungua, na kifo hicho hakionekani upesi, kwa sababu msemaji bado yu hai na maneno bado anayo. Mwaka 1978 W. D. Kamera alitoa kitabu cha hadithi za Wairaqw kwa Kiswahili, na wataalamu wengine wameandika matini za slufay. Kazi hizo ni za kushukuriwa. Ila kitabu huyahifadhi maneno ya msemaji kuliko kinavyoweza kuhifadhi itikio. Itikio huhifadhiwa na watu waliopo.

Kwa hiyo walimu wa sekondari wana nafasi ambayo watu wengine hawana. Mwalimu anayefundisha kwaya na aendelee kutumia nambari zikimfaa, lakini siku ya kwanza awaeleze wanafunzi kwamba teno ni mshikaji, alto ni yule aliye juu ya mshikaji, besi ni yule aliye chini yake, na soprano ni aliye juu ya wote. Kisha awatume kwa wazee wao, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza au Kinyiramba, wakaulize: anayeanzisha wimbo huitwaje, anayepokea huitwaje, na kazi yake ni nini? Majibu yakiandikwa katika daftari na kulinganishwa darasani, litakuwa somo la muziki, la lugha na la historia kwa wakati mmoja. Waliozaliwa katika kabila moja watajifunza kutoka kwa wenzao wa kabila jingine, na Kiswahili kitapata maneno ambayo wachunguzi wa istilahi wasingeyapata ofisini.

Zaidi ya yote, mwalimu awakumbushe kwamba kujua jina la kazi ni mwanzo tu. Mzee anaposimama kuisema slufay, hahitaji wasikilizaji wanaostaajabia ufasaha wake. Anahitaji watu wa kuupokea mstari kabla haujaanguka chini. Kijana aliyekwisha kujifunza kuimba teno, akiwa anaijua maana ya neno hilo, ana kila sababu ya kuwa miongoni mwao.